Futi na Mistari ya Chokaa

Nyumbani kwa dada yako,
Chumba cha mbele, mezani.

Jumapili, tarehe 12 Mei.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima pamoja na wifi yangu, na kwamba mgongo wako umetulia baada ya kuinama mwaka mzima nyuma ya majokofu ya watu. Wifi anipe jibu la kweli kuhusu mgongo huo, maana wewe hata ukiwa kitandani husema hujambo.

Huku hatujambo. Mama anaendelea vizuri, ila masikio yake siku hizi yana ubaguzi: ukimwita kula anasikia, ukimkumbusha dawa hasikii. Shemeji yako yuko pale pale na kiti chake cha kinyozi, na bado anamwambia kila mwenye upara kwamba atampunguza kidogo pembeni. Mimi nimebanwa na stoo ya shule. Muhula umeanza, na walimu wanataka madaftari kana kwamba nayachapa mwenyewe.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu mimi na wewe tunakimbizana. Wewe unajibu kabla sijamaliza, mimi namaliza kabla hujaelewa, na kila mmoja analala na hasira. Karatasi haikatwi maneno. Kwa hiyo nakuomba, kama dada yako, usome mpaka mwisho kabla hujanyanyua simu.

Habari ni za binti yako. Haumwi, hajafukuzwa chuo, na hana mimba. Nimetanguliza hayo ili roho yako irudi mahali pake. Lakini ile nafasi ya kazi uliyokwisha kuwatangazia wenzako huko hakuipata, na hakuikosa kwa bahati mbaya. Aliikosa Alhamisi, mbele ya macho yangu, akiwa amesimama na maikrofoni mkononi.

Nitaeleza kwa mpangilio. Unajua sipendi kurukaruka, na bahati nzuri shajara yangu ninayo hapa pembeni, kwa hiyo tarehe ni za uhakika.

Unakumbuka ulivyonuna alipopangiwa masomo haya. Yeye alitaka kusanifu majumba, akapangiwa usanifu wa mandhari, na wewe ukauliza kama siku hizi watu wanaenda chuo kikuu kujifunza kupanda maua. Mama mpaka leo anawaambia wageni kwamba mjukuu wake anasomea majani. Mwaka wa kwanza mtoto alikuwa analia bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa ili tusisikie. Mwaka wa pili machozi yalikauka, akaanza kupimapima. Alipima ua wetu, akapima maji yanayoshuka kutoka kwenye bati, akaniuliza kwa nini mlango wa jikoni una tope miaka yote. Nikamjibu kwamba tope ni la mlango huo, tumelikuta. Akachukua jembe, akachimba mfereji mdogo usiofika hata goti, na tope likaisha. Tangu siku hiyo shemeji yako anamwita Futi, kwa sababu alikuwa anashinda na futi shingoni kama fundi cherehani. Jina likakaa. Hata chuoni sasa anaitwa Futi.

Ndipo wenzake wakamchagua kuwa mwakilishi wa wanafunzi wa usanifu wa mandhari. Wako wawili. Mwenzake ni kijana wanayemwita Waziri, kwa sababu anavaa tai hata siku za kuchimba mashimo. Usimcheke. Waziri alitaka kuwa mchezaji mpira, goti likamsaliti, akabaki anaangalia uwanja badala ya mpira, akaanza kujiuliza kwa nini nyasi zinakufa upande mmoja tu wa goli. Ndiyo njia iliyomleta. Nimegundua hakuna hata mmoja wao aliyeingia katika fani hii kwa mlango wa mbele. Wote wamepita dirishani, kisha wakaipenda nyumba.

Kazi ya wawakilishi wakati mwingi ni kubeba manung'uniko: meza za kuchorea hazitoshi, kompyuta zinazima, mwalimu fulani hasahihishi. Lakini pia wanakaa kwenye chama cha wasanifu wenyewe, wale waliosajiliwa, na mara moja kwa mwaka wanasimama mbele ya mkutano mkuu kuonyesha kazi ya wanafunzi. Hapo ndipo penye uzito, na naomba uelewe vizuri, maana mimi mwenyewe ilinichukua muda.

Ukimaliza chuo hujawa msanifu. Ni lazima ukafanye kazi chini ya mtu aliyesajiliwa, miaka miwili, ndipo ufanye mtihani wa chama. Bila mtu wa kukupokea hakuna mtihani, na bila mtihani cheti chako ni picha ya ukutani. Ofisi zinazopokea ni chache. Kubwa kuliko zote ni ya mama mmoja ambaye ndiye mwenyekiti wa chama, wanamwita Msanifu Mkuu. Kila mwaka baada ya mkutano, ofisi yake humchukua mwakilishi mmoja wa wanafunzi. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini kila mtu anaijua, kama tulivyojua sisi kwamba kiti cha baba hakikaliwi hata baba akiwa safarini. Mwaka huu kila mtu alijua ni zamu ya Futi.

Sasa nifike kwenye kazi yenyewe. Wanafunzi walipewa ua wa hospitali. Ni eneo la wazi, lina nyasi, liko kati ya geti, dirisha la dawa na wodi ya wazazi. Halikuwa na njia. Watu walikuwa wanapita ovyo, na mvua ikinyesha ni matope mpaka kwenye vitanda. Futi alikuwa kiongozi wa kundi. Walitakiwa wachore wapi pawekwe njia za matofali, wapi kivuli, wapi viti. Na ofisi ya Msanifu Mkuu ingeijenga kweli, isiwe mchoro wa kuning'inizwa.

Mwalimu wao ana kanuni moja ambayo Futi ameirudia hapa nyumbani mpaka Mama ameikariri: miguu kwanza, matofali baadaye. Maana yake, usichore njia kwa akili yako. Waache watu watembee msimu mzima, uangalie nyasi zinakufa wapi, hapo ndipo wanapopataka. Nyasi zilizokufa ndiyo kura ya watu. Kisha unatandaza matofali juu ya kura hiyo. Ukifanya kinyume, watu watayaacha matofali yako na kutoboa njia yao pembeni, na utaaibika kila ukipita.

Futi aliifuata kanuni, isipokuwa kwa jambo moja dogo. Mwanzoni kabisa, kabla msimu wa kuangalia haujaanza, muuguzi mkuu wa hospitali alitaka kuelewa wanafunzi wanawaza nini. Kuangalia mchoro kwenye karatasi hakukumsaidia, alisema anaona tambi tu. Kwa hiyo Futi akachukua chokaa, kama ile ya kuchorea uwanja wa mpira, akamchorea njia pale pale chini, ukubwa wake halisi, na kutembea naye. Njia moja nzuri iliyopinda kutoka getini, inapita chini ya miti, inagusa dirisha la dawa, kisha inafika wodi ya wazazi. Muuguzi mkuu akafurahi. Futi akajua mvua ya wiki hiyo itaosha chokaa, akaenda zake.

Mvua haikunyesha. Ndiyo mwaka huu, unajua ilivyochelewa.

Msimu ulipokwisha, kundi likaenda kupima nyasi. Wakakuta zimekufa sawasawa pale Futi alipochora. Kona kwa kona. Wakapiga picha, wakaandika ripoti kwamba miguu ya watu imethibitisha mchoro. Mwalimu akafurahi, chama kikasifu, hospitali ikakubali, na tarehe ya kuanza kutandaza matofali ikapangwa. Nadhani ndiyo wiki uliyowanunulia wenzako soda.

Tarehe 23 Aprili, Futi alikwenda kupima mahali pa kuweka kiti. Chokaa ilikuwa imebaki kama vumbi tu, huioni mpaka uinamie. Akamwona mama mjamzito, mimba ya mwisho mwisho, ameshika kiuno, anatembea kwa kupinda kufuata njia ile ndefu juani, wakati mlango wa wodi ya wazazi uko mbele yake kabisa, hatua chache ukikata moja kwa moja kwenye nyasi. Futi akamfuata, akamsaidia mfuko, akamuuliza mbona anazunguka.

Yule mama akamjibu, "Si mmeweka mstari? Mlinzi alituambia tangu mwanzo, pita kwenye mstari. Nani atake kugombezwa na uchungu huu?"

Mdogo wangu, unaona? Nyasi hazikuwa zimepiga kura. Zilikuwa zinatii. Futi alichora mstari, watu wakaufuata kwa adabu, kisha yeye akarudi akapima adabu yao na kuandika kwamba ndiyo haja yao. Si mtu mwingine wa kulaumiwa. Mlinzi alidhani ni amri ya hospitali, na mgonjwa hana nguvu za kubishana na chokaa.

Siku hiyo alirudi nyumbani akakaa kwenye ngazi ya mlango na viatu miguuni. Nikamwita ale, hakuinuka. Nikadhani ni mambo ya kijana fulani, nikaanza kutayarisha maneno ya shangazi. Ndipo akanieleza haya yote kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba.

Kesho yake alikupigia simu. Sikutega sikio, lakini unaijua nyumba yetu, ukuta ni pazia tu. Nilisikia upande wake, na upande wako aliniambia baadaye. Ulimwambia wasipouliza asijibu. Apate nafasi kwanza, ukweli atausema akiwa ndani, watu watazoea njia, mstari ni mstari. Sikulaumu. Mimi mwenyewe asubuhi ile nilimwambia yale yale kwa maneno laini zaidi. Nilimwambia asiharakishe, afikirie, mambo hujirekebisha. Nilikuwa naogopa. Mpaka sasa naogopa. Nilimwona ameshafika ukingoni mwa mto, amebakisha kukanyaga ng'ambo, na anataka kurudi katikati ya maji kuchukua kandambili.

Yeye akasema, "Shangazi, wakishatandaza matofali, watakaozunguka na uchungu si mimi wala baba."

Nilikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumamosi iliyofuata Waziri alikuja hapa nyumbani, tai na kila kitu. Alikuwa amepata habari. Nilimpa chai, akainywa bila kuitazama. Unajua yeye pia alikuwa anaitegemea siku ile ile ya mkutano mkuu: kama kazi ya hospitali ingechafuka, ingewachafua wote wawili, na ofisi nyingine nazo zingewakunjia uso. Aliongea nami, si na Futi, kama mtu anayeleta posa.

"Shangazi, mwambie mwenzangu huyu kwamba dunia haikujengwa na malaika. Tumwombe Mungu mvua, tuseme ni mchoro wa awali, turekebishe tukiwa ofisini. Mimi sisemi tudanganye. Nasema tusipige kelele."

Futi alikuwa jikoni, akajibu kwa sauti kupitia mlangoni kwamba Waziri aende akawaombe radhi wajawazito, yeye ana maneno matamu. Waziri akasema angeenda, ila hana mimba ya kumfanya apokelewe. Shemeji yako, aliyekuwa ananyoa barazani, akacheka mpaka akamkata mteja kidogo sikioni. Mteja alikuwa jirani, amesamehe. Lakini Waziri hakucheka, wala Futi. Walikaa wakinuniana kama ndugu, na Waziri alipoondoka alisahau kuaga.

Futi alikwenda pia kwa mwalimu wao. Alinieleza kwamba mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, akasema angejiuliza mapema, maana katika miaka yake yote nyasi hazijawahi kumkubali mwanafunzi kiasi hicho. Akamwambia hatamlazimisha wala hatamzuia. Yeye ni mwakilishi, maikrofoni ni yake.

Kutoka siku ile mpaka Alhamisi nilikuwa nashindwa hata kuhesabu madaftari. Nilitoa rula kwa darasa lililoomba chaki. Nilikuwa namwangalia mtoto akipiga pasi gauni lake la mkutano, nikitamani augue mafua kidogo tu, apoteze sauti, jambo lipite bila yeye. Mungu anisamehe.

Alhamisi, tarehe 9, wazazi na walezi tuliruhusiwa kukaa nyuma. Tulikwenda mimi na shemeji yako. Ukumbi ni wa kawaida, viti vya plastiki, projekta inayokoroma, na mbele wamekaa wakuu wa ofisi na chupa zao za maji. Msanifu Mkuu ni mama mfupi, mwenye kalamu moja anayoishika kama sindano. Waziri alianza. Aliongea vizuri sana, habari za miti, kivuli, maji ya mvua. Watu walikuwa wanatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamwona Futi amesimama pembeni, midomo inatembea bila sauti, na mimi nikaanza kusali, ila sikujua naomba lipi.

Alipopewa maikrofoni, akaomba irudishwe ile picha ya nyasi zilizokufa. Ikarudi. Akaeleza. Hakulia, hakujitetea, hakumtaja mlinzi, hakusema mvua ilichelewa. Alisema tu kwamba alichora mstari kabla ya wakati wake, watu wakautii, na kilichopimwa na kundi zima ni utii huo. Kwa hiyo ripoti haina maana, na matofali yasitandazwe.

Projekta ikaendelea kukoroma peke yake.

Msanifu Mkuu akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo unatuambia mchoro wenu ni mbaya?"

Futi akasema, "Sijui, mama. Ndiyo aibu yangu. Nilitakiwa niwe najua."

Shemeji yako alinishika mkono. Unamjua, huyo hajanishika mkono hadharani tangu siku ya harusi.

Msanifu Mkuu akauliza kazi inaanza lini. Mtu wa ofisi yake akasema Jumatatu, yaani hii ya kesho. Akasema isimame. Hakusema asante, hakusema pole. Akafungua ukurasa mwingine, mkutano ukaendelea na mambo ya ada za wanachama. Mwishoni, kama kawaida yao, akasimama kutaja mwakilishi ambaye ofisi yake itampokea. Akamtaja Waziri.

Sitakudanganya kwamba nilipiga makofi. Nilikaa na mikono mapajani. Nilijiambia labda atataja wawili. Hakutaja wawili. Waziri alisimama, akamtazama Futi, na Futi ndiye aliyeanza kupiga makofi, ukumbi ukafuata. Tulipotoka, Waziri alitusindikiza mpaka kituoni. Njiani alivua ile tai, akaikunja, akaitia mfukoni. Simlaumu. Kazi alistahili, hata kama ilikuwa imeandaliwa kwa mwingine.

Ijumaa wanafunzi wakaitisha mkutano wao. Kuna waliotaka Futi avuliwe uwakilishi. Walisema amewaharibia, kwamba sasa kila ofisi itaikagua kazi ya mwanafunzi kama nyama iliyolala. Wengine wakamtetea. Walibishana mpaka ukumbi ukahitajika na kwaya. Amebaki mwakilishi, kwa kura chache. Shemeji yako anasema amebaki kwa sababu hakuna mwingine anayetaka kwenda kusikiliza ada za wanachama. Mimi nadhani wapo walioelewa. Lakini pia wapo wasiomsalimia, na anaporudi jioni naona kwenye mabega yake ni wangapi.

Jana nilifuatana naye hospitalini. Wamelilima eneo lote juu juu kwa jembe, mistari imefutika, mbegu za nyasi zimemwagwa upya. Hakuna njia kabisa. Watu wanafika getini wanasimama, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Mlinzi ameambiwa asimwelekeze mtu yeyote, na anateseka. Ni kama kumkataza kuku asiparue. Mkono wake unanyanyuka wenyewe, anaushusha. Futi anakaa upande ambao haonekani, ili hata uso wake usiwe mstari. Anaangalia tu, na penseli sikioni. Muuguzi mkuu amemwombea chuoni aachiwe aimalize kazi hiyo upya, bila tarehe ya kukimbizana nayo.

Sasa hofu yangu, mdogo wangu, maana hii ndiyo sababu hasa ya kuandika. Mahafali ni Novemba. Hana mtu wa kumpokea. Ofisi mbili alizoziandikia baada ya Alhamisi hazijajibu, na moja najua imesoma, maana katibu wake hunyolewa ndevu na shemeji yako. Kuna mama mmoja msanifu aliyesajiliwa, ana ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la rangi. Alikuwa ukumbini siku ile. Amemwita kesho asubuhi waonane, hakusema kwa nini. Futi anasema huenda anataka tu kumwuliza habari za chokaa. Ofisi yenyewe haina hata kibao mlangoni. Hata akimpokea, sijui kama mama huyo mwenyewe ana kazi ya kumpa. Nimelifikiria hilo tangu jana mpaka nimechoka na kichwa changu. Huenda ndiyo mlango. Huenda ni dirisha jingine. Huenda si chochote, na miaka yote hii itabaki cheti ukutani, na nitakuwa mimi niliyekaa naye na nikashindwa kumwongoza kwa niaba yako.

Lakini kuna jambo linaloniumiza kuliko la kazi. Tangu Alhamisi hajakupigia simu. Akiulizwa na Mama kama baba yake anajua, anasema atampigia akipata nafasi nyingine ya kumwambia. Anadhani amekuvunja. Mara ya mwisho kusikia sauti yako, ilikuwa inamwambia anyamaze, naye hakunyamaza. Hawezi kuomba radhi kwa hilo, kwa sababu hajuti. Wala hawezi kukaa bila kusikia kutoka kwako. Kwa hiyo simu ipo mezani, anaipita, anaitazama, anaendelea kuchonga penseli ambazo zimeshachongeka.

Sikuombi ukubaliane naye. Mimi mwenyewe sijui kama nimekubaliana naye, najua tu kwamba nilikaa nyuma ya ukumbi ule nikatamani baba yetu angekuwa hai amwone. Ukiona bado una hasira, subiri siku moja, kisha umpigie. Usimwulize kuhusu nafasi ya kazi. Usimwulize Waziri amepata nini, wala yule mama wa duka la rangi amesema nini, hayo atakueleza mwenyewe yakishasimama kwa miguu yake. Mwulize swali moja tu: mwulize pale hospitalini watu wanapita wapi. Kisha nyamaza, umwache aseme.

Nisalimie sana wifi, mwambie kitambaa alichotuma kimeshashonwa na kimenitosha mabegani. Wasalimie na wenzako wa karakana, wale wa soda, usione haya mbele yao. Mama anakusalimu na anasema ule. Shemeji yako anakusalimu, anasema ukija na mvi zako atazificha bure. Futi hajui kama nimekuandikia, kwa hiyo salamu zake nakupa mimi kwa niaba yake, maana najua anazo.

Mungu akulinde huko uliko, mikono yako isipate ajali na moyo wako usiwe mgumu kuliko ulivyokulia. Atuweke hai wote mpaka siku utakapoingia hapa mlangoni, pasipo tope.

Wako akupendaye siku zote, hata tukigombana,

Dada yako.